Oti tupu, zile zisizo na picha ya matunda kwenye pakiti: uzi wa wanaotaka kula vizuri bila kufilisika

#1 Kijiko_Kikubwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa nne nakula uji wa oti (ile nafaka ya oats) karibu kila asubuhi, na mwaka wa kwanza wote niliupoteza. Naleta uzi kwa ajili ya anayetaka kuanza, au aliyeanza akaacha akidhani oti ni chakula cha wagonjwa na wenye pesa.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nanunua zile pakiti ndogondogo, moja kwa mlo mmoja, ladha ya tofaa na mdalasini. Unachana, unamimina maji ya moto, unakoroga, umemaliza. Ikifika saa nne tumbo linaunguruma. Nikahamia pakiti mbili kwa mkupuo. Siku moja nasubiri maji yachemke, sina cha kusoma, nikageuza pakiti upande wa nyuma. Uzito wote gramu 35, sukari gramu 10. Zaidi ya robo ya kitu nilichokuwa najisifia kuwa ni chakula cha afya ilikuwa sukari, vijiko vya chai viwili na nusu, na mimi nilikuwa naongeza kingine juu! Tofaa la kwenye picha lilikuwa kubwa kama ngumi. Vya ndani nilivihesabu: vipande sita vilivyokaushwa, kila kimoja kama ukucha wa mtoto.

Hapo nikapiga hesabu nyingine, ya bei kwa kilo. Sitaji bei kwa sababu kila mtu ana soko lake, ila kabla hujabisha chukua bei ya boksi la pakiti ndogo, igawe kwa uzito wake, kisha fanya hivyo hivyo kwa mfuko wa oti tupu. Utakaa chini. Kilo moja ya oti tupu, ukipima gramu 40 kwa mlo, inatoa bakuli 25. Gramu 40 ni kama nusu kikombe cha kupimia. Mtu mmoja akila kila siku, kilo moja na gramu 200 zinamfikisha mwezi.

Na humo ndani kuna nini? Gramu 100 za oti kavu zina protini kama gramu 13, nyuzinyuzi kama 10, mafuta kama 7, na nishati ya kilokalori 380 hivi. Kwa nafaka, hiyo protini si haba, na mafuta yake mengi ni yale yasiyoganda. Madini yapo pia: chuma, magnesi, fosfori, manganisi.

Aina zake zisikuchanganye, zote zimetoka kwenye punje moja. Ikikatwakatwa kwa visu vya chuma unapata oti za chenga. Ikipitishwa kwenye mvuke na kukandamizwa na magurudumu unapata oti bapa. Bapa zikikandamizwa zaidi na kukatwa ndogo unapata za haraka. Zikishaivishwa, zikakaushwa na kusagika karibu kuwa unga, hizo ndizo za kumwagia maji tu. Mimi nakula bapa, zile nene.

Ninavyopika: nusu kikombe cha oti, kikombe kimoja cha maji, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Moto wa wastani. Dakika ya tatu au ya nne povu linapanda, napunguza moto, nakoroga mara mojamoja. Uji wa oti unaongea: mwanzoni unachemka kimya kama maji, halafu unaanza kufanya pwo, pwo, mapovu mazito yanayopasuka polepole. Ukisikia hivyo, pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa sekunde moja kabla haijaziba, zima. Funika dakika mbili. Usiungoje ushikane ukiwa jikoni, utashikana wenyewe kwenye bakuli.

Karibuni kwa maswali. Na wabishi mnakaribishwa.

#2 Ngoja_Waje

Nimetandika mkeka mstari wa mbele. Wajuzi shukeni.

#3 Sikubali

Mleta uzi, hicho ni chakula cha farasi. Umeandika aya nane kutuuzia malisho.

#4 Kijiko_Kikubwa

Mkuu Sikubali, farasi ana nusu tani na anakimbia. Wewe ngazi za ghorofa ya pili unazipanda kwa vituo.

#5 Babu_Miwani

Vijana, msimcheke farasi. Oti zimelisha watu karne nyingi, hasa kule ambako ngano ilikuwa inakataa. Zinavumilia baridi, mvua nyingi na udongo dhaifu. Ndiyo maana Scotland walijenga maisha yao juu yake. Wenyewe wana kijiti maalumu cha kukorogea, cha duara, hakina bapa kama mwiko, kinaitwa spurtle. Sababu ni kwamba mwiko bapa unaburuta uji, kijiti kinapita katikati yake bila kuacha mabonge. Kijiji cha Carrbridge kinafanya mashindano ya dunia ya kupika uji wa oti kila mwaka tangu 1994, na mshindi anapewa kijiti cha dhahabu. Kundi kuu la mashindano linaruhusu oti, maji na chumvi, basi. Hakuna maziwa, hakuna sukari. Kwa hiyo mleta uzi na kibano chako cha chumvi umepita mtihani.

#6 Kijiko_Kikubwa

Shikamoo Babu. Hilo la kijiti nilikuwa silijui. Leo natumia mpini wa mwiko kichwa chini.

#7 Hadubini

Naomba niweke sawa jambo moja kabla uzi haujaenda mbali. Watu wengi, na hata baadhi ya kamusi, wanaita oti "shayiri". Shayiri ni nafaka nyingine, punje yake ni nene, ya mviringo, na ndiyo inayotumika sana kutengeneza kimea cha bia. Oti ni nyembamba na ndefu, na kwenye mmea zinaning'inia kwenye vijitawi vilivyotawanyika, wakati shayiri inasimama kwenye suke lililobanana lenye ndevu. Kwa majina ya kisayansi oti ni Avena sativa, shayiri ni Hordeum vulgare. Zina undugu, na zote mbili zina ile nyuzinyuzi maarufu ya beta-glukani, ila ukinunua shayiri ukaipika dakika tano kama oti bapa utatafuna changarawe. Soma jina la nafaka kwenye viambato, usiamini tafsiri ya muuzaji.

#8 Mama_Watatu

Kaka Kijiko, asante kwa uzi. Mimi oti ninazo ndani, tatizo ni wateja. Watoto wanaziita "kamasi". Mkubwa anachovya kijiko, anakinyanyua juu, anaangalia unavyovutika, kisha ananitazama mimi kama nimemkosea. Nifanye nini? Na mimi mwenyewe, tuseme ukweli, ule utelezi unanishinda.

#9 Kijiko_Kikubwa

Dada, ule utelezi ndio dawa yenyewe, ni beta-glukani inayoyeyuka kwenye maji na kuyafanya mazito. Ila si lazima uutoe wote sufuriani. Jaribu hivi.

Kwanza, usianze na maji baridi. Oti zikianza kwenye maji baridi zikapanda moto taratibu huku unakoroga, zinaachia wanga na ute wote, unapata uji laini wa kuvutika. Wapo wanaoupenda hivyo. Ukizimwaga kwenye maji ambayo tayari yanatokota, ukakoroga mara mbili tu ukaacha, punje zinabaki na umbo, unatafuna kitu.

Pili, kaanga kwanza. Sufuria kavu, hakuna mafuta, moto mdogo, dakika tatu au nne, unazigeuza. Zitabadilika rangi kidogo na nyumba itanukia kama karanga zinazokaangwa. Hapo mimina maji, jiepushe na mvuke. Hii peke yake ilinibadilishia maisha.

Tatu, weka kitu cha kutafuna juu: karanga zilizotwangwa kidogo, vipande vya tofaa lisilopikwa. Ulimi ukiwa na kazi nyingine haulalamikii utelezi.

Na watoto waache wamwage wenyewe vitu vya juu. Mtoto halaumu bakuli alilolipamba. Angalizo mbili kwa wadogo: karanga nzima hapana, zinapalia, saga. Na asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata tone.

#10 Mpishi_Mvivu

Nyie mnapika? Mimi sijawahi kuwasha moto kwa ajili ya oti. Usiku nachukua chupa ya kioo yenye mfuniko, nusu kikombe cha oti bapa, nusu kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya mtindi, natikisa, friji. Asubuhi natia ndizi nakula na chupa yangu mkononi. Gesi sijatumia, sufuria sijachafua.

#11 Ngoja_Waje

Mbichi?? Huumwi tumbo?

#12 Hadubini

Si mbichi kama unavyodhani. Oti zikishatolewa ganda gumu la nje zinapitishwa kwenye joto kiwandani, na zile bapa zinapita kwenye mvuke kabla ya kukandamizwa. Sababu yake inavutia: oti zina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachoyavunja mafuta hayo mara tu punje inapoumizwa. Bila kukizima kimeng'enya hicho kwa joto, oti zingekuwa chungu ndani ya siku chache. Kwa hiyo unacholoweka tayari kimeshapikwa kidogo.

Wala Mpishi_Mvivu hajavumbua kitu, samahani mkuu. Daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alikuwa anawapa wagonjwa wake mjini Zürich chakula cha namna hii karibu mwaka 1900. Oti kijiko kimoja cha mezani zilizolowekwa kwenye maji usiku kucha, limau, maziwa mazito ya kopo, njugu za kusaga, na tofaa zima lililokunwa na ganda lake. Ndiyo asili ya muzli, ule mchanganyiko wa oti kavu, njugu na matunda. Cha kuchekesha ni kwamba kwake oti zilikuwa kidogo, tofaa ndilo lililokuwa chakula. Hizi za kwenye maboksi leo zimegeuza kibao.

#13 Chenga_Chenga

Naona wote mnasifia bapa. Mimi ni wa chenga, na nina mkasa.

Chenga zinataka dakika 20 hadi 30 jikoni na maji mara tatu au nne ya kipimo chake, nani ana muda huo asubuhi? Nikasikia kuna watu wanazitia kwenye chupa ya chai usiku, wanamimina maji yanayotokota, wanafunga, asubuhi zimeiva. Wazo zuri. Nikachukua chupa yangu ya chai, ile ndefu yenye mdomo mwembamba, nikajaza kikombe kizima cha chenga na maji mpaka juu.

Asubuhi nafungua, nainamisha, hakitoki kitu. Naipiga makofi matakoni kama mtoto mchanga, hakitoki. Uji umevimba, umejaza chupa nzima, umekaa humo kama zege. Nikaingiza mpini wa kijiko, ukatoka na kijiko kimoja cha uji. Nilikula kifungua kinywa kwa kuchimba, nimechelewa kazini, na ile chupa mpaka leo ukimimina chai inatoka na kipande.

Njia yenyewe inafanya kazi, nimeirudia. Chupa iwe ya mdomo mpana. Robo kikombe cha chenga kwa kikombe kimoja cha maji. Chupa uipashe kwanza kwa maji ya moto, uyamwage, ndipo uweke. Kwa anayehesabu gesi au umeme, hapo umetumia nishati ya kuchemsha maji tu.

#14 Babu_Miwani

Nimecheka mpaka miwani imedondoka.

#15 Sikubali

Tucheke, lakini hoja yangu bado ipo. Nilishawahi kula hizo oti wiki nzima. Nakula saa moja, saa tatu na nusu nina njaa kama sijala tangu jana. Sasa kinachoshibisha ni nini hapo? Mnasema rahisi, kumbe unakula mara mbili.

#16 Kijiko_Kikubwa

Hili ni swali la maana kuliko yote mpaka hapa, mkuu, na nadhani ndipo watu wengi wanapoachia njiani.

Ulikula kiasi gani? Bakuli la gramu 40 kwa maji matupu ni kilokalori 150 na protini gramu 5. Huo si mlo wa mtu mzima, ni salamu. Hakuna nyuzinyuzi itakayogeuza kilokalori 150 kuwa shibe ya saa tano. Watu wanaona uji umejaa bakuli wanadhani wamekula kingi, kumbe yale ni maji.

Mimi naweka gramu 60 hadi 70. Nusu ya maji naibadilisha na maziwa, kikombe kimoja cha maziwa kinakupa protini kama gramu 8. Kijiko cha siagi ya karanga kikiyeyuka juu. Au, na hapa najua mtanitoa jukwaani, yai. Napasua yai moja kwenye uji ukiwa bado jikoni, nakoroga haraka haraka lisigande vipande. Linaufanya laini na mzito, harufu ya yai huisikii ukiweka mdalasini. Bakuli hilo nikilila saa moja, sikumbuki chakula mpaka saa saba.

Oti ni msingi. Ukila msingi peke yake lazima uone njaa.

#17 Mama_Watatu

Yai kwenye uji... haya, nitajaribu baba yao akiwa safarini.

#18 Mzigo_Mwepesi

Wakuu, mimi nimepimwa kolesteroli imepanda kidogo, nimeambiwa nibadilishe chakula kwanza kisha nirudi. Kila mtu ananiambia oti. Zinashusha kweli au ni maneno ya matangazo?

#19 Hadubini

Zinashusha, lakini kidogo, na kwa sharti la kipimo.

Inavyofanya kazi: ini linatumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo inamwagwa utumbuni kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu kubwa inafyonzwa na kurudishwa kwenye ini itumike tena. Ute wa oti unainasa sehemu ya nyongo hiyo na kutoka nayo chooni. Ini likiona nyongo imepungua linalazimika kutengeneza nyingine, na malighafi linaichota kwenye damu. Ndivyo ile kolesteroli mbaya, LDL, inavyopungua.

Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba mwaka 1997 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba nyuzinyuzi hii inaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, ikiliwa pamoja na mlo wenye mafuta yaliyoganda na kolesteroli kidogo. Umoja wa Ulaya nao ukaruhusu maelezo ya kupunguza kolesteroli mwaka 2011. Kipimo kote ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku.

Sasa tafsiri kwa bakuli. Beta-glukani ni kama asilimia 4 ya oti. Gramu 40 za oti zinakupa gramu 1.6. Kwa hiyo bakuli dogo la asubuhi ni nusu ya safari. Unahitaji kama gramu 75 kwa siku, kwa mkupuo au kwa mara mbili, au uchanganye na wishwa wa oti ambao una beta-glukani nyingi zaidi. Na ukifanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, LDL inashuka takriban asilimia 5 hadi 7. Ni kitu kizuri kwa bakuli la uji, lakini si dawa. Kama daktari amekuandikia dawa, meza dawa, kula na oti. Rudi upime kama ulivyoambiwa.

#20 Kijiko_Kikubwa

Naomba watu wasome #19 mara mbili. Mimi mwenyewe sikuwa na ugonjwa, sina muujiza wa kuwasimulia. Nimepunguza matumizi na choo kimekuwa cha uhakika. Nadhani nusu ya faida yangu imetokana na kile nilichoacha kula asubuhi, yaani mkate mweupe na jamu.

#21 Asali_Chungu

Vipi sisi wa kisukari? Nimesoma sehemu eti oti zinapandisha sukari, sehemu nyingine eti zinashusha.

#22 Hadubini

Wote wawili wamesema nusu. Theluthi mbili ya oti ni wanga, lazima sukari ipande. Swali ni kwa kasi gani. Chenga na bapa nene zina kielezo cha glisemia, yaani kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, cha karibu 55, kwa sababu punje bado ina umbo na ute unachelewesha mmeng'enyo. Zile za kumwagia maji zinafika 70 na zaidi, na hapo hujaweka sukari. Kiwanda kimeshakutafunia.

Pima oti kwa kikombe, usikisie. Chagua chenga au bapa nene, weka protini na mafuta kidogo pembeni. Kisha jipime saa mbili baada ya kula, kipimo chako ndicho kitakachokuambia kuliko uzi wowote. Na kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, ongea na anayekutibu kabla hujabadilisha mlo wa asubuhi.

#23 Tumbo_Joto

Mmesahau kuwaambia watu kuhusu gesi. Nilianza kwa bakuli mbili kwa siku, siku ya tatu nilikuwa sikai na watu.

#24 Kijiko_Kikubwa

Hahaha, pole sana mkuu. Kosa ni kuanza kwa kasi. Kama umezoea kula chakula kilichokobolewa, bakteria wa utumbo mpana hawajawahi kuona nyuzinyuzi nyingi hivyo, wanasherehekea. Anza na vijiko viwili vitatu vya oti kwa siku, panda taratibu ndani ya wiki mbili au tatu. Na maji kunywa, nyuzinyuzi bila maji zinakufunga badala ya kukufungua.

#25 Mama_Watatu

Nina swali la mdogo wangu, yeye ana ugonjwa wa seliaki, hali ngano. Oti zinamfaa?

#26 Hadubini

Asikurupuke. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, zina protini ndugu yake inayoitwa avenini, na wengi wenye seliaki wanaivumilia, ila wapo wachache isiowapatana. Tatizo kubwa ni njiani: shamba lilikuwa na ngano msimu uliopita, lori lilibeba shayiri jana, kinu ni kilekile. Oti za kawaida zinakuwa na punje za wageni. Atafute zilizoandikwa hazina gluteni, kiwango kinachokubalika ni chini ya miligramu 20 kwa kilo, na aanze akiwa chini ya uangalizi wa daktari wake.

Na hili ni kwa wote: anayemeza dawa ya levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni asiimeze pamoja na uji. Nyuzinyuzi zinapunguza ufyonzwaji wake. Imezwe tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula.

#27 Sikubali

Hadubini, wewe unajua kila kitu. Mbona hujasema kwamba oti zina sumu inayozuia madini? Nimeiona kwenye video.

#28 Hadubini

Ni asidi ya fitiki, si sumu. Ipo kwenye nafaka zote zisizokobolewa, kunde, njugu na mbegu. Kweli inashikana na chuma na zinki na kukupunguzia ufyonzaji. Kwa anayekula vyakula mchanganyiko si jambo la kumkosesha usingizi. Mwenye upungufu wa damu aweke tunda lenye vitamini C kwenye bakuli, chungwa kwa mfano, na chai au kahawa aicheleweshe kwa muda wa saa moja baada ya kula.

Video ya dakika moja haina nafasi ya sentensi hiyo ya mwisho.

#29 Chenga_Chenga

Kuhusu kuhifadhi: kwa kuwa bei kwa kilo inashuka ukinunua mfuko mkubwa, watu wanachukua kilo tano wanaziacha kwenye mfuko uliokunjwa mdomo. Wiki ya sita wanakula na fukusi. Hamishia kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na jua. Na nusa kila ukifungua. Oti nzuri zinanukia kama nyasi kavu na karanga kwa mbali. Zikianza kunuka kama rangi ya mafuta au mafuta ya kukaangia ya zamani, yale mafuta yake yameharibika, hakuna mdalasini utakaoficha.

#30 Mpishi_Mvivu

Na za chumvi hamjazigusa. Kitunguu, nyanya, pilipili, kaanga kidogo, tia maji, tia chenga, acha ziive. Yai la kukaanga juu. Mlo wa jioni huo, na hakuna anayekumbuka neno "uji".

#31 Babu_Miwani

Hapo sasa umeongea na mzee.

#32 Sikubali

Wakuu, zimepita wiki tatu. Nimerudi, msinicheke.

Nilinunua mfuko mmoja, nilitaka kuja kuwaumbua kwa ushahidi. Siku ya kwanza nilipika kwa maziwa matupu, moto mkali, nikaenda kutafuta chaja ya simu. Nimerudi maziwa yamefurika jiko zima, harufu imefika kwa jirani. Siku ya pili nikafuata #1 neno kwa neno, mpaka ile pwo pwo. Nikaweka siagi ya karanga na ndizi. Sijasema ni tamu. Nimesema nilipoangalia saa ilikuwa saa sita na nusu na sijala kitu katikati.

Mfuko umebaki robo. Bado nasema ni chakula cha farasi.

Swali langu moja tu: ile sufuria ya siku ya kwanza ina ukoko umeshika chini, nimesugua kwa maji ya moto na steeliwaya mpaka kucha zimeisha. Unatokaje?

#33 Kijiko_Kikubwa

Karibu zizini, mkuu.

Maji ya moto ndiyo yanayokuponza, yanazidi kuupika ule wanga ugande kama gundi. Maji baridi, jaza mpaka juu ya ukoko, acha usiku kucha. Asubuhi sukuma na mwiko wa mbao, utanyanyuka kama karatasi.

#34 Sikubali

Umetoka. Mzima mzima.

Sasa hilo la yai, linawekwa kabla ya chumvi au baada?